Siku Redio Iliposoma Salamu Tupu

Al Amerat, Muscat
Ijumaa, baada ya chakula cha mchana

Kwa baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia wewe kwanza, halafu mama, halafu wote mliomo humo ndani mkigombania kivuli cha kibaraza. Goti linaendeleaje? Mdogo wangu Zuhura aliniambia umerudi kwenye cherehani na unaikanyaga kwa mguu mmoja kama kijana. Baba, daktari alisema upumzike, hakusema ushone sare za shule za Manundu nzima. Mimi mwili sijambo. Roho ndiyo ina maneno, na hayo ndiyo yaliyonifanya nichukue kalamu.

Barua hii anakuletea Mariamu wa Muheza, yule ninayekutana naye sokoni Sib kila ninapopata Ijumaa ya mapumziko. Waajiri wake wamemkatia tiketi wakamwambia aende kwao akapumzike. Hawakumwambia arudi lini, na yeye hakuthubutu kuuliza. Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu simu mnayotumia ni ya Zuhura, na Zuhura ndiye ninayetaka kumzungumzia. Ukiweka simu sikioni upande huu, yeye anaweka sikio lake upande wa pili. Mnajuana wenyewe.

Uliniuliza swali moja tu: mdogo wangu aje, au asije? Najua viza imetoka na wakala wa Tanga anawahimiza. Familia itakayomchukua naijua, ni majirani zetu hapa hapa, watu wenye adabu na jiko lao safi. Mimi mwenyewe ndiye niliyewabembeleza wamchukue. Ungeniuliza miezi michache nyuma ningekujibu kabla hujameza mate. Sasa nimekaa na swali lako siku nyingi, nalizungusha kama mtu anayetafuta ncha ya uzi.

Unajua namlea Mzee Nassor, baba yake Bi Thuraya, mwajiri wangu. Sikuwahi kukueleza vizuri ni nani, kwa sababu nilidhani ni mzee wa Kizanzibari kama wengine wa hapa, anayependa urojo na kulalamikia chumvi. Kumbe, baba, mzee huyu ni ile sauti yako! Alitoka Unguja kijana akapelekwa kusoma Urusi, enzi za Sovieti, akabaki huko miaka mingi akisoma habari katika idhaa ya Kiswahili. Ndiyo ile uliyokuwa ukiitafuta kwenye redio ya mbao, sikio limegusa kitambaa cha spika, huku unatufukuza tusiguse waya. Baadaye ndugu zake waliokwisha kuhamia huku Oman walimvuta, akaja kuzeekea kwao.

Mpaka leo hajaacha kazi. Kila siku baada ya alasiri anakaa kwenye kiti chake, ananyoosha gazeti la Kiarabu mapajani, anakunywa maji ya uvuguvugu, anakohoa mara moja pembeni, kisha ananisomea habari kwa Kiswahili kana kwamba mimi ndiye Afrika Mashariki nzima. Mimi napiga pasi, yeye anasoma. Mwili umezeeka, sauti imekataa kuzeeka.

Kwake ndiko nilikojua ule ugomvi wa wakubwa wawili, Mmarekani na Mrusi, ambao shuleni niliuandika kwenye mtihani nikausahau getini. Yeye hasimulii kama mwalimu. Makombora yalipopelekwa Kuba, alikuwa mwanafunzi mgeni, hata koti la baridi hajapata. Waliambiwa wasitoke bwenini. Mpishi wao, mama mtu mzima, akawapa mikate miwili miwili huku machozi yanamtoka, na hasemi kwa nini. "Sie tukafurahia mikate," anasema. Ukuta wa Berlin ulipovunjwa, yeye alikuwa kwenye foleni ya kutengeneza viatu. Na jioni ile bendera yao iliposhushwa na nchi nzima ikaisha, alitazama dirishani akaona watu wanapita na mifuko ya viazi, wanawahi nyumbani.

Nilikuwa nikizipenda hadithi hizo kwa sababu zilikuwa zimekwisha. Mtu akikusimulia nyoka aliyeuawa, unacheka.

Sasa sikiliza. Si muda mrefu uliopita alikuwa ananisomea kama kawaida, akafika kwenye habari kwamba mkataba wa mwisho uliobaki kati ya wale wakubwa wawili, wa kuwekeana mipaka ya makombora, umemaliza muda wake na hakuna mwingine uliowekwa mahali pake. Akasita. Baba, mzee yule hasiti, hata simu ikilia anasoma juu yake. Akavua miwani, akakunja gazeti, akaomba alale.

Tangu siku ile hajanisomea habari tena. Saa ni ile ile, maji ni yale yale, kikohozi kile kile, lakini gazeti halifungui. Anasoma salamu. Anazitoa kichwani, salamu za wasikilizaji wa zamani. "Salamu zimwendee fundi baiskeli wa Sumbawanga, zimfikie muuguzi wa Lindi na shemeji yake aliyeko Newala, wote nawaambia tuko pamoja." Bi Thuraya alisikia akaniambia jikoni, "Baba akili yake ishaanza kutoka, maskini. Nitampeleka kwa daktari, inshallah." Mimi nami nilicheka. Nikaona bora nimchangamshe, nikamsimulia ile kadi uliyowapelekea idhaa yao.

Nilimweleza yote kama unavyotueleza kila sikukuu. Jinsi ulivyojaza kadi ya salamu ukataja bosi wako wa zamani wa mkonge, mashemeji, timu nzima ya mpira, mpaka mwenye kinu cha kusaga, na mama ukamweka mwisho kabisa, jambo ambalo hajalisahau. Jinsi ilivyosomwa yote, jina kwa jina, "kutoka kwa fundi cherehani wa Manundu, Korogwe," watu wakaja mbio dukani, ukachinja jogoo, na bibi akapiga vigelegele. Nilidhani mzee atafurahi. Aliinamisha kichwa.

"Yote ilisomwa? Haiwezekani," akasema. "Kadi sie tukizikata. Mtu anataja mtaa mzima, tunasoma majina matatu manne, khalas."

"Yote, mzee. Mama anasema siku hiyo hata habari hazikusomwa. Ilikuwa salamu na muziki, salamu na muziki, mpaka idhaa ikafunga."

Akaweka kikombe chini. Akaniuliza ilikuwa lini. Nikamwambia mama alikuwa na mimba ya kaka Athumani, na mvua za vuli zilikuwa hazijaanza. Akaniuliza umri wa kaka, akahesabu kwa vidole, polepole.

"Basi siku hiyo nnaijua," akasema. "Ndege ya abiria ilipotea njia, ikaingia anga ya Warusi, wakaiangusha. Imejaa watu, na watoto wamo. Asubuhi tumefika kazini, karatasi za khabari hazipo. Ziko juu kwa wakubwa, hawajajua waseme nini. Mkuu wa zamu akatwambia, someni salamu. Tukamuuliza, mpaka saa ngapi? Akasema, mpaka nikwambieni basi. Tukafungua kabati, tukasoma kadi zote zilizokuwemo. Ya baba yako ilikuwemo humo."

Nilikuwa nimeshika pasi hewani.

"Na mie nikisoma kwa raha zangu," akaendelea, "maana salamu nikizipenda kuliko khabari. Kumbe siku zile, Mmarekani na Mrusi, kila mmoja anamdhania mwenziwe anataka kupiga. Jambo dogo tu lingetosha. Dunia iko ukingoni, na mie nnasema, zimfikie mwenye kinu wa Korogwe."

"Sasa mzee," nikamuuliza, "mbona siku hizi umerudi kwenye salamu?"

Akanitazama kama mtu anayeniona kwa mara ya kwanza. "Kwa sababu khabari nnaziona, mwanangu. Na sitaki niwe mimi wa kukusomea."

Baba, akili yake haijatoka. Ndiyo iliyobaki humu ndani.

Nisamehe kwa kukuharibia siku yako ya jogoo. Nilifikiri nisikwambie, nikaona utakuwa umenilea bure. Tangu mazungumzo yale nimeanza kusikia kwa masikio mengine, na sipendi ninachosikia. Bi Thuraya ni mwanamke mwema lakini hana muda wa salamu. Akirudi kutoka kazini wizarani, mjini, amevuka milima na foleni yake, neno la kwanza ni "chakula kiko wapi?" Sasa anasimama mlangoni ananiuliza hali yako, goti lako, mama, Athumani na wanawe, na mbuzi wa Zuhura kama amezaa. Mbuzi! Amejaza mafuta ya gari jana na juzi, na tenki lilikuwa halijashuka hata nusu. Chumba cha wageni kimejaa mchele na maji ya chupa, na akiniona natazama anasema, "Hamna kitu, yaani tahadhari tu."

Wiki iliyopita tulimpeleka mzee Matrah, aone meli za watalii kwenye Bandari ya Sultan Qaboos, anapenda kuzitazama. Gati lilikuwa tupu. Muuza juisi akatuambia meli zinapita mbali siku hizi, na baharini huko nje kuna meli nyingine, za kijivu, zenye mizinga. Akasema hivyo akatuuliza habari za nyumbani, za watoto, za afya, za wazee, mpaka barafu ikayeyuka kwenye glasi. Mzee Nassor akanibana mkono. Sikuhitaji kumuuliza kwa nini.

Hata hivyo, baba, nikwambie kweli. Mpaka asubuhi ya leo jibu langu lilikuwa aje. Usinishangae. Zuhura ameachika, ana mtoto, na hapo nyumbani mnashonea cherehani moja watu wawili. Halafu na mimi nina hamu. Miaka yote hii nimekuwa nikila peke yangu na kucheka peke yangu, nikatamani mtu mmoja tu wa tumbo letu awe ng'ambo ya ukuta, nimwite naye aitike. Nilijiambia wakubwa hawa wamenuniana tangu babu yuko hai na dunia bado ipo. Walifika ukingoni mara ngapi wakarudi? Kuba walirudi. Siku ya jogoo walirudi. Nikamwambia hivyo mzee, akanijibu, "Walirudi, kweli. Lakini kila mara palikuwa na mtu aliyeshika simu upande wa pili."

Bi Thuraya alipoitwa kazini ghafla nikasita, nikataka kukuandikia kwamba Zuhura angoje kidogo tu, mwezi au miwili, tuone upepo. Hilo ndilo nililokuwa nimeamua nilipoanza barua hii.

Ngoja, baba. Gari la Bi Thuraya linaingia. Leo Ijumaa haendi kazini, lakini waliwaita wote asubuhi. Nakuja.

Nimerudi. Tulikaa jikoni, mimi na yeye, mlango amefunga. Amenishika mikono yote miwili, hajawahi kunishika mikono. Aliyoniambia ameniomba kwa Mungu nisiyaandike wala nisiyaseme kwenye simu, na nimemwahidi. Mimi sitamwacha mzee, hilo nimeliamua mwenyewe, hakunilazimisha. Mariamu anapitia barua hii jioni.

Basi, baba, nifikishie salamu. Mama nimemtaja wa kwanza, asije akanuna tena, mwambie namkumbuka kila ninapokuna nazi. Zimfikie kaka Athumani na mkewe, na watoto wao mmoja mmoja, wewe wawekee mkono kichwani kwa niaba yangu. Zimfikie shangazi wa Mombo na mumewe mwenye kifua. Zimfikie mjomba dereva wa lori, akiwa safarini mtunzieni. Zimwendee mwalimu aliyenifundisha kusoma, kama bado yuko hai, na kama hayupo zimwendee mjane wake. Zimfikie mama wa vitumbua wa stendi, yule niliyekuwa nikimkopa. Zimfikie mwenye kinu, na mtoto wa mwenye kinu, na fundi wa redio aliyekutengenezea ile ya mbao, na majirani wa kushoto na wa kulia, hata yule tuliyegombana naye kwa sababu ya mpaka, mwambieni nimemsamehe kabisa na yeye anisamehe. Zifike makaburini kwa bibi. Zimfikie mbuzi.

Na zimfikie Zuhura, mdogo wangu, wa mwisho kama mama kwenye kadi yako, na kwa upendo ule ule. Mwambie huyo wakala wa Tanga amrudishie Zuhura pasi yake ya kusafiria, na viza aifute. Asije.

Tuko pamoja.

Mwanao,
Mwajuma