Karatasi Zako Zilizoliwa na Mbuzi

Mpendwa Mulwa, mdogo wangu uliyeniruka foleni,

Mama alinizaa mimi kwanza. Hilo hata wewe na digrii yako hukuweza kulibishia. Kwa hivyo hii tabia ya kunitangulia kaburini ni kukosa adabu, na ningekuwa na mahali pa kukushtaki ningekwenda leo asubuhi, na magoti haya mabovu.

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi nje ya hoteli yetu hapa Sultan Hamud, ule ukuta wako uko mgongoni mwangu. Unakumbuka ulivyouanzisha? Ulikuwa umemaliza chuo kikuu Nairobi, umeletwa kufundisha huku Makueni, na una sura ya mtu aliyeachwa na bibi. Ukasema wenzako uliosoma nao wanapotea, huyu Mombasa, yule Voi, mwingine Makindu, na barua hawajibu.

"Lakini wote hupita barabara hii ya Mombasa, kaka," uliniambia. "Na wote hushuka kunywa chai. Nipe ukuta."

Nikakupa. Nilidhani utaupaka rangi.

Ukaja na karatasi zilizopigwa taipu. "Wajibu wa Msomi katika Taifa Changa." Ukurasa mzima, na hakuna hata mtu mmoja aliyeoa ndani yake! Wenzako walishuka, wakautazama ukuta vile watu humtazama mhubiri aliyepitisha saa ya chakula, wakanywa chai, wakaenda zao.

Halafu kuna ile gundi. Sisi wawili tulilelewa na mama ambaye hakununua gundi maisha yake yote, kwa hivyo tulibandika kwa uji wa mahindi. Mwaka ule mvua ilikataa, nyasi zikaisha mpaka kwenye reli, na mbuzi wa jirani wakagundua ukuta wako. Ulipokuja Jumamosi ulikuta msomi ameliwa pamoja na wajibu wake. Ilibaki "Taifa Changa" peke yake, na lenyewe limelambwa.

"Kaka! Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa hapa nikiwatazama. Usilie, Mulwa. Hao ndio wasomaji wako wa kwanza kuimaliza makala."

Ulicheka mpaka ukakaa chini. Kisha ukaniuliza, na uliuliza kweli, si kwa utani: "Wewe ungeandika nini?"

Mimi, niliyeacha shule darasa la sita! Nilichukua penseli ya jikoni nikaandika: *Mbithi amepita hapa leo akienda Mombasa. Amenenepa. Anasema ni kwa sababu amepewa gari la kazi. Wanaomjua wachunguze.* Ukaninyooshea herufi mbili tatu, ukaipigilia karatasi misumari juu, mbali na mbuzi.

Mbithi aliporudi alisoma, akaguna, akaomba penseli. Akaandika kwamba mandazi ya hoteli hii yanafaa kujengea daraja. Kasyoka naye, yule mwalimu wa Voi, akaongeza kwamba Mbithi hata chuoni aliwahi kula chakula cha mwenzake aliyelala mgonjwa. Basi, ukuta ukachangamka. Kila aliyeshuka alitafuta jina lake kwanza, chai baadaye. Harusi zikatangazwa pale, uhamisho, watoto mapacha. Na mmoja wenu akifa, ni wewe uliyeandika, na kila mwenzake akaongeza mstari mmoja wa kumtania marehemu. "Ili asisafiri kimya," ulisema.

Wewe ukasafiri kimya.

Uliugua ghafla, na tukakuzika nyumbani Zombe, kando ya Mama, kabla habari haijafika barabarani. Walimu walikuja, watu wa kanisa walikuja na kwaya yao. Watu wa ukutani hakuna aliyejua, kwa sababu wa kuwaambia alikuwa kwenye sanduku.

Nikarudi hapa. Wakashuka, wakaniuliza, "Mzee, Mulwa yuko wapi? Mbona ukuta umelala?" Nikawaambia chai inapoa. Mdomo huu wote, Mulwa, na sikuweza. Mpaka mkeo Syombua akafunga safari kutoka Zombe kuja kunisema.

"Shemeji, wakisikia kwingine watasema tuliwaficha. Andika."

Nikachukua penseli. *Mulwa amepita hapa.* Nikashindwa kuandika anaenda wapi.

Na sikutafuta misumari. Nilipika uji, mzito, nikaibandika karatasi chini kabisa, usawa wa mdomo wa mbuzi. Unajua kwa nini. Nilitaka mbuzi waje waile, waimalize, isiwe kweli. Nikakaa kwenye benchi kuwatazama kama siku ile.

Walikuja. Mmoja akatafuna kona ya karatasi, akafika kwenye jina lako. Sijui magoti niliyatoa wapi. Nilimfukuza na ufagio mpaka kwenye reli, nikilia, nikimtukana kwa Kikamba matusi ambayo Mama angenichapia hata na mvi hizi. Abiria waliokuwa wakishuka kwenye basi walidhani nimerukwa na akili.

Mmoja wao alikuwa Mbithi, siku hizi hana tena gari la kazi. Alichuchumaa pale ukutani, na tumbo lile, akasoma hata lile neno moja la kifo ambalo sikuweza kuliandika. Alikaa hapo mpaka basi likampigia honi, na hakuinuka. Mwisho akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, nikampa penseli.

Aliandika: *Mulwa, ile makala yako ya kwanza mimi pia niliisoma nikaimaliza. Mbuzi hawakuwa peke yao.*

Kasyoka ameshaongeza yake, na wengine wawili nisiowajua. Siku hizi mimi ndiye naandika, na herufi zangu zinalala upande kama walevi, hakuna wa kuzinyoosha. Karatasi yako nimeihamishia juu, kwa misumari. Ila kona moja haipo. Ile imeliwa, na nimeiacha hivyo.

Nenda salama, mdogo wangu. Msalimie Mama, na usimwambie habari ya yale matusi.

Ni mimi kaka yako mkubwa,
mfukuza mbuzi wa ukuta wako.