Chupa Mbili za Tindikali

Jumatatu, 14 Septemba 1953. Nzega.
Upepo umeng'oa bati za stoo ya kituo chetu cha maziwa. Bwana mkubwa ameamuru zile chupa mbili za tindikali zikae kwangu mpaka paa litengenezwe. Kwangu! Ndiyo hiyo tunayopimia mafuta ya maziwa. Kazini nimeizoea. Nyumbani naiogopa. Nzito kama mafuta ya kula, na haina hata harufu ya kumshtua mtu.

Nimeziweka chumba cha uani. Nimemwonyesha mke wangu, Flavia: tone moja juu ya kijiti, kikawa cheusi kama mkaa. Nikamwambia ukiitia maji inachemka na kukurukia usoni. Maji na hii — kamwe. Ameapa.

Jumatano, 16 Septemba.
Mama mkwe amekuja kutoka Igunga. Sijamwona, wala haifai nimwone. Nikiingia, yeye anajificha. Salamu zinapita kwa Flavia. Kila nikisikia kitu kimeanguka, namwita Flavia. Flavia anasema mama ameshaonywa.

Alhamisi, 17 Septemba. Tabora, hospitali ya Kitete.


Leo nilirudi mapema, nikapitia uani. Nikakohoa kama kawaida. Mama mkwe alikuwa anapepeta mahindi. Kunipisha, akachomoka na kuingia mlango uliokuwa karibu — chumba kile! Kioo kikavunjika. Akapiga yowe.

Nilisimama kizingitini. Mkwe wangu, nitaingiaje? Nikaingia. Khanga ilikuwa inatoboka juu ya paja lake. Nikaita maji. Flavia akaikumbatia ndoo, analia: si ulisema kamwe, unataka kumchemsha mama? Nikampokonya. Nikaivua ile khanga kwa mikono yangu na kumwaga, ndoo baada ya ndoo. Mama alijifunika uso, si kidonda. Aibu yake naisikia mpaka sasa.

Flavia alipoona mama anatulia, akaanza kuchota mwenyewe. Nikamwambia: maji mengi, usiogope maji.

Lori la pamba la Abasi limetuleta huku. Flavia amebaki na watoto.

Ijumaa, 18 Septemba.
Daktari anasema atapona, kovu litabaki. Maji yamemwokoa. Nilishukuru Mungu, nikanywa chai.

Kisha mama mkwe, kageukia ukutani, akamwambia muuguzi: mwambie mkwe wangu asihangaike na nyumba. Mwanangu Flavia kaniahidi leo atakiosha chumba chote, kwa maji mengi, kama alivyofundishwa.

Muuguzi alicheka. Mimi nikakumbuka chumba kile. Chupa moja ilivunjika shingo tu. Kitako kimesimama pale sakafuni, na tindikali imo, nusu nzima.

Nimemkimbilia Abasi. Nimemwambia amkataze Flavia, asimwage hata tone la maji. Akaniuliza: maji si ndiyo dawa yake? Nikamweleza mara tatu: mwilini maji mengi yanaiosha, ndani ya chupa yanaichemsha na kuirusha; sijui kama ameelewa. Ameondoka sasa hivi. Nzega atafika alasiri.

Na Flavia huosha asubuhi; haachi uchafu ufike mchana.