Binti Yangu Amekikataa Kijiti Changu cha Wanja

Jinja, Agosti 1956

Bi mshauri, salamu nyingi. Ninakuandikia kuomba msaada ingawa kuomba si desturi yangu, mimi ndiye huombwa, na ukiuliza Jinja nzima watakuambia kwamba hakuna bi harusi wa Kinubi anayetolewa nje bila kupita mkononi mwa Zaituni binti Faraj, na hata Mbale huniita, hunitumia nauli na kwenye basi mimi hukaa kiti cha mbele karibu na dereva, na mke wa Ghanshyam mwenye duka la vitambaa, Bi Bhanumati, ambaye ni Mhindi na kwao wanja si haba, hutuma mtu kwangu achukue wa kwangu kwa sababu anasema wa kwao unachuruzika mashavuni. Haya si majivuno, ndivyo mambo yalivyo.

Wanja nautia kwa kijiti cha fedha alichokuja nacho bibi yangu kutoka Sudani, akifuatana na askari, na desturi ya nyumba yetu ni kwamba mpambaji hujitia kwanza mwenyewe, kisha humtia bi harusi, kisha wasichana wote wa nyumba wakubwa kwa wadogo, kwa kijiti hicho hicho bila kukiosha, maana ukikiosha umeosha na bahati ya bi harusi isiwafikie wenzake. Kwa kazi hiyo, baada ya mume wangu Sebit kufariki, nimemlea na kumsomesha binti yangu wa pekee, Sofia, ambaye sasa anasomea uuguzi huko Mbale, na ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kuvaa ile nguo nyeupe, na nilipomwona nayo mara ya kwanza nilipiga vigelegele barabarani mpaka watu wakatoka madukani wakidhani kuna arusi.

Sasa sikia alichonifanyia. Mwezi uliopita niliitwa Nabuyonga, huko huko Mbale, kumpamba binti wa watu, alasiri, ukumbi umejaa wanawake, nimeshajitia wanja, na Nabifo, mama mmoja Mgisu jirani wa pale, amekuja na mtoto wake, naye mtoto akaanza kulia anataka naye apambwe, nikamtia kumnyamazisha, kisha nikamgeukia bi harusi, na kijiti kiko karibu kabisa na jicho lake Sofia akaingia ametoka kazini, akanishika mkono mbele ya wote.

"Mama, hiyo kijiti haiingii kwa macho ya bi harusi."

"Kwa nini? Iko na nini?"

"Iko na ugonjwa. Angalia hapa."

Akampakata yule mtoto, akamgeuza ukope wa juu nje ndani kwa kidole, nasi tukaona nyama nyekundu yenye vipunje vyeupe kama chenga za mchele. Nabifo akasema, "Hii mtoto macho yake inatoa usaha kila asubuhi, mimi nafikiri ni moshi ya jiko." Sofia akamjibu, "Si moshi, mama. Ni vikope. Hata mama yangu iko nayo, ndiyo maana anang'oa kope zake."

Bi mshauri, hapo ndipo aliponiua. Kwa sababu ni kweli ninang'oa, kope zangu zimegeukia ndani zinanichoma kama mchanga, lakini hujifungia chumbani na kikoleo changu na hakuna aliyejua ila yeye, na yeye akalitoa mbele ya wateja wangu. Nilifunga vifaa vyangu, nikatoka kichwa juu, pilau ya watu sikuigusa, nikapanda basi la Jinja. Na nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu, nilikuwa nalia kwa hasira ndani ya basi na papo hapo najivuna, maana yule mtoto alipogeuzwa ukope hakulia hata kidogo, mkono wa Sofia ulikuwa mwepesi kuliko wangu, na mimi sijawahi kukubali kwamba kuna mkono mwepesi kuliko wangu.

Basi mwezi ujao Sofia mwenyewe anaolewa na Muhamad, mwalimu wa Mbale, kijana mzuri sina neno naye. Ameniletea ujumbe kwamba atapenda nimpambe mimi na si mtu mwingine, lakini kila mwanamke atakuwa na kijiti chake, na kabla ya hapo niende hospitali nikapasuliwe kope, nisipokubali ataolewa macho matupu. Mshindani wangu Hajarah amekwisha kupata habari na anasema sokoni kwamba wanja wa Zaituni umekataliwa na mtoto wa tumbo lake mwenyewe. Nikienda kupasuliwa watu wataniona na kitambaa machoni, watajua nilikuwa nawatia nini, na jina langu limekwisha. Nisipokwenda, jicho la kushoto limeanza kuona ukungu, na juzi nilimchora binti mmoja nyusi, moja ikapanda juu kuliko mwenzake, wakanyamaza kwa heshima yangu. Je, nimwamuru kama mama yake, au nijiuguze kimya kimya, au nimwachie Hajarah arusi ya mwanangu? Nijibu upesi, lakini usinifundishe kazi ya wanja.

Ni mimi Zaituni binti Faraj

JIBU

Zaituni, barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikicheka na ya pili nikikuonea huruma. Kuringa ringa, haki unayo: mjane aliyesomesha muuguzi kwa wanja hana sababu ya kuinamisha kichwa. Lakini umeniambia nisikufundishe kazi ya wanja, na hilo sitalitii, kwa sababu bahati haikai kwenye kijiti. Kinachokaa pale ni tongotongo za mtoto wa Nabifo.

Nimemwuliza daktari wa macho kwa niaba yako. Ananiambia kwamba kijidudu cha vikope ni kidogo hivi kwamba mabingwa wenyewe bado wanabishana wakiweke kundi gani. Peke yake hakijiwezi. Huingia ndani ya ngozi laini iliyo chini ya ukope, hujipangia chumba humo, huzaana mpaka chumba kinapasuka, kisha vyote vinahamia vyumba vya jirani. Ukope nao huvimba kwa kupigana navyo, na uvimbe huo ndio vile vipunje ulivyoviona. Hutoka jicho hadi jicho kwa kidole, kwa nzi, kwa kitambaa cha kufutia uso, na kwa kijiti cha fedha hata kama bibi yako alikileta kutoka Sudani. Mtoto akiambukizwa tena na tena, ukope huota kovu kwa ndani, kovu huuvuta, na kope zinaanza kukwangua jicho. Hapo ndipo ulipo wewe. Unang'oa kope nazo zinaota tena, fupi na ngumu, zikikwangua vilevile, na ule ukungu unaouona ni alama za kukwanguliwa huko.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe hata kifo hakikungojewa, umeumbuliwa na nyusi! Wateja waliokunyamazia kwa heshima ndio watakaokwenda kwa Hajarah kimya kimya, na hiyo heshima yao haitakusaidia kitu.

Binti yako naye asidhani nimemsahau. Sofia, ulisema kweli, na ulimwokoa bi harusi, lakini siri ya chumbani mwa mama yako haikuhitajika kuokoa jicho la mtu. Ungemnong'oneza. Kwa kuwa ulimwaibisha mbele za watu, nami nakukemea mbele za watu, ndani ya gazeti. Mwombe mama yako radhi kabla hujamwomba akupambe.

Sasa fanya hivi, Zaituni. Wiki hii, wala si ijayo, panda basi la Mbale, na Sofia akushike mkono mpaka kwa daktari. Watakuchoma sindano ya ganzi, watakata ukope kwa ndani na kuugeuza nje kidogo ili kope zisiguse jicho tena. Kitambaa utakivaa siku chache. Atakayeuliza, mwambie wazi: "Ni vikope, nimetibiwa, na wewe nionyeshe macho ya watoto wako." Halafu ukipona uende mwenyewe nyumba kwa nyumba kote ulikopamba, uwaambie wawapeleke watoto wenye usaha wapewe mafuta ya macho, wawaoshe nyuso kila siku, na kila mmoja awe na kitambaa chake. Najua hili ndilo litakalokuuma kuliko kisu. Lakini muuguzi akiwaambia watabisha, watasema elimu imemlevya. Zaituni binti Faraj akiwaambia, nani atabisha? Jina ulilojenga miaka yote hiyo ulitumie kwa kazi hiyo.

Wanja usiuache. Chonga vijiti vya mwanzi, ule unaoshushwa kutoka mlimani huko Mbale, uvilainishe vizuri, kila mwanamke chake, na ukimaliza ukitupe motoni. Wanja mmiminie kila mmoja kidogo kwenye kisahani chake, mabaki yasirudi chupani. Kijiti cha fedha kichemshe, kisha mpe Sofia kiwe chake peke yake.

Jicho la kulia bado lako, na la kushoto daktari anasema ukiwahi litabaki na nuru liliyo nayo. Iliyokwisha kupotea haitarudi. Basi usinijibu, panda basi. Umewaona maharusi wa watu wote wa Jinja, Zaituni. Usije ukakaa kwenye mkeka siku ya arusi ya mwanao, Hajarah ameketi pembeni yako, anakusimulia jinsi Sofia alivyopendeza.