Waya wa Sebuleni

Jumanne, 16 Aprili

Picha imekatakata tena. Kwangu chumbani lori la mchezo linakwenda laini, fremu sitini, yaani picha sitini, kwa sekunde, sina cha kulalamika. Watazamaji wanaona kitu kingine. Dereva mmoja wa Salgaa ameandika, "Njoki, hiyo lori inasukumwa na nani?" Wakacheka wote. Mimi sikucheka.

Kompyuta ya chumbani inacheza. Ya sebuleni inapokea picha kwa waya, inaongeza sauti ya Baba, kisha inarusha mtandaoni kwa watu. Leo imepokea fremu ishirini na kitu. Zingine zinapotelea wapi kati ya vyumba viwili?

Baba hajali. Yeye anakaa sebuleni na kipaza sauti chake akinisema mbele ya watu. "Muone vile amekata kona, utadhani ni mkokoteni." Aliendesha malori ya kweli, Mombasa hadi Malaba na kuvuka mpaka, hadi goti likakataa. Watu wanakuja kumsikiliza yeye. Hawaji kuniona nikizungusha usukani wa plastiki. Nilishakubali.

Mvua tangu asubuhi.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimejaribu kila kitu. Nimefungua kompyuta zote mbili nikapuliza vumbi, na vumbi la Nakuru linaingia hata mahali hakuna tundu. Nimepunguza ubora wa picha. Nimefuta programu nikaiweka upya. Nimezima, nimewasha. Ishirini na mbili.

Halafu nikaona taa ndogo nyuma ya kompyuta, pale waya unapoingia. Siku zote huwa ya kijani. Leo ni ya rangi ya machungwa. Maana yake waya unapitisha sehemu ya kumi tu ya kile unachotakiwa kupitisha. Kumbe kompyuta zangu ni nzima. Mgonjwa ni waya. Ndani una nyaya nyembamba nane, na mmoja ukikatika mwendo unashuka.

Nikakata ncha, nikaweka plagi mpya. Kijani. Sitini. Nikajiona fundi mkubwa. Baba akaniambia niache kuimba, naharibu chai yake.

Jumamosi, 20 Aprili

Machungwa tena. Nilitaka kulia.

Safari hii nikaufuata waya wenyewe. Unatoka chumbani kwangu, unapita koridoni, unaingia sebuleni kwa tundu lililo juu ya mlango, unafuata ukuta mpaka meza ya Baba. Niliubana ukutani vizuri kwa sababu Baba hataki kuona waya ukizagaa. Vibanio viwili vimeng'oka. Waya umekaza sana, na plagi inavutwa kutoka kwenye kompyuta.

Nikamuuliza Baba kama aliuvuta. Akakasirika. Nikasema basi ni panya. Akasema panya hutafuna, hawavuti. Ni kweli.

Jumatatu, 22 Aprili

Waya mpya, mrefu zaidi. Pale juu ya mlango wa sebule nimeuacha ulegee, umening'inia kama kamba ya nguo. Hata mtu akiuparamia hautaharibika. Kijani. Sitini jioni nzima, bila kutikisika. Baba alisimulia vile aliteremka mteremko wa Salgaa breki zikiwa zimeisha, na madereva wakaacha kuandika utani, wakanyamaza kumsikiliza. Nilimpenda sana leo.

Kiprono wa bucha alipita. Anasema shamba la huko chini limepasuka, ufa mrefu, mahindi yametumbukia na mizizi yake. Watu wanatoka mpaka Kaptembwo kuja kuutazama, na mtu ameanza kuwauzia karanga. Baba akasema udongo wa hapa ni majivu ya volkano, haujaanza kupasuka leo. Kisha akauliza bei ya nyama. Mimi nilikuwa nafurahia fremu zangu.

Jumatano, 24 Aprili

Kamba ya nguo imenyooka.

Nimesimama koridoni nikiitazama. Hakuna aliyeigusa. Vibanio vyote viko pale nilipovipigilia, huku na huku. Waya haufupiki wenyewe. Kwa hiyo kilichosogea ni kuta.



Baba alikuwa kanisani, mkutano wa wazee. Nikaufuata ukuta wa sebule kutoka mlangoni. Nikafika kwenye kabati la vyombo la marehemu Mama. Baba alilihamisha mwezi uliopita, akasema jua linaharibu mbao. Nikalisukuma.

Ufa, kutoka sakafuni mpaka dari. Umezibwa kwa simiti, na simiti hiyo imepasuka. Ikazibwa juu yake kwa nyingine, nayo imepasuka. Ya mwisho bado ilikuwa mbichi. Vidole vyangu vyote viliingia, na ndani kuna hewa baridi.

Alijua. Alikuwa akiziba kila nikienda sokoni, na goti lake lile, peke yake, kisha anarudisha kabati. Ufa umenitisha. Ile simiti mbichi imenitisha zaidi. Nimerudisha kabati mahali pake kama mwizi.

Alhamisi, 25 Aprili

Nimemwambia nimeona. Hakukana. "Nyumba zote hupasuka mvua ikinyesha. Jua likirudi hujifunga." Nikasema twende Njoro kwa Shangazi mpaka mvua ipite. Akaniuliza kama nataka alelewe na dada yake mdogo uzeeni. Akasema nyumba hii ameijenga safari moja baada ya nyingine, anaweza kunionyesha jiwe la safari ya Kongo na jiwe la safari ya Kampala.

Nikamleta Kiprono. Akainama, akaweka mkono kwenye ufa, akainuka. "Mzee, hapa si pa kuziba. Hapa ni pa kutoka." Baba akamwambia arudi akauze nyama. Hajawahi kumfukuza mtu nyumbani. Nilimwona Kiprono akitembea uani kwa uangalifu, akitazama anapokanyaga.

Nimemwomba Baba basi alale chumbani kwangu. Hapana. Asikae sebuleni. Hapana. Kurusha mchezo tuache kidogo. Hapo ndipo alipandisha sauti. Watu wananingoja, alisema, unataka nikae nitazame ukuta?

Ningemuacha nikaenda, labda angenifuata. Labda asingenifuata. Siwezi kujaribu.

Ijumaa, 26 Aprili

Sijalala. Kila bati likilia nafikiri ni sasa.

Asubuhi nimefanya kitu. Nimeukaza waya mwenyewe, makusudi, nikaubana pande zote mbili ukiwa umenyooka kabisa. Wiki nzima nimehangaika usikaze, leo nataka ukaze. Nyumba ikisogea kidogo tu, waya utavutika na fremu zitaanguka, na mimi nitajua. Nimeweka kidirisha kwenye kona ya skrini yangu kinachoonyesha fremu zinazofika sebuleni.

Sichezi tena. Naangalia namba. Sitini. Sitini. Hamsini na nane, moyo unapaa. Sitini. Nimelitia lori mtaroni mara tatu, na madereva wamefurahi sana, na Baba amewaambia leseni yangu ilinunuliwa. Nacheka nao asije akajua.

Kuna jambo linanisumbua. Waya huu unaishia mezani kwake. Mimi ndiye ninayemweka pale, kando ya ufa, mchana kutwa. Nikizima atakaa pale pale bila waya, na mimi sitakuwa na hata namba ya kutazama. Nimeifikiria mpaka kichwa kinauma.

Jumapili, 28 Aprili

Naandika nikiwa kwa Kiprono. Nimeshika kalamu kwa mikono miwili.

Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Mvua kubwa. Baba alikuwa akiwaeleza madereva namna ya kulala kwenye lori bila kuamka na shingo imepinda. Sitini. Nikapepesa. Ishirini. Nane. Sifuri.

Nikavua vifaa vya masikioni. Sikusikia kishindo. Nilisikia vikombe vya Mama vikigongana kabatini, polepole, na chini yake sauti nzito kama gunia la mahindi linaburutwa. Nikakimbia. Mlango wa sebule ulikuwa umebanwa juu, hausogei. Nikaugonga kwa bega. Nikaita. Akajibu kwa sauti ambayo siijui, "Njoki, usiingie! Toka nje!"

Nikatokea mlango wa jikoni nikazunguka. Mlango wa mbele nao umebanwa. Madirisha yana vyuma, aliviweka yeye kwa ajili ya wezi. Nikamwona kupitia kioo. Upande mmoja wa sakafu ulikuwa umeshuka, na kiti chake kilikuwa upande huo. Alikuwa akijaribu kusimama na goti linakataa, anakaa, anajaribu tena. Nyuma yake ukuta ulikuwa wazi, naona mvua.

Nikapiga nduru. Sikujua nina sauti hiyo. Kiprono akaja na mtaimbo, na wanaume wengine wa barabarani. Wakang'oa vyuma. Mmoja akataka kuingia, wakamshika mkanda kwanza. Walimtoa Baba dirishani bila viatu. Alikuwa amejikojolea. Nikamfunga leso yangu kiunoni haraka, mvua ikasaidia kuficha.

Amelala kwenye kochi la Kiprono. Nimemgusa mara nyingi kuhakikisha anapumua. Amechoka nami.

Jumatatu, 29 Aprili

Ile kompyuta ya sebuleni haikuzima. Waya wangu ulikatika, lakini kipaza sauti kiliendelea kurusha. Watu walisikia kila kitu. Simu yangu imejaa. Madereva wa Salgaa wanauliza kama Mzee yuko hai. Mmoja amesema aliegesha lori kando ya barabara akaomba.

Nimejifungia chooni kwa Kiprono nikasikiliza rekodi. Nilitaka kuacha, nikashindwa. Unasikia vikombe. Unasikia kiti kikiteleza. Kisha Baba, taratibu, kama anajisemea, "Mungu wangu, mtoto yuko ndani." Kisha mimi nagonga mlango, naye anapiga kelele nitoke.

Hakuitisha msaada hata mara moja. Hakutaja nyumba. Nimekaa kule chooni mpaka mke wa Kiprono akabisha kuuliza kama naumwa.

Jumatatu, 6 Mei

Njoro, kwa Shangazi. Sakafu ya hapa ni ya mbao na inalia ukiikanyaga. Kila ikilia nasimama. Shangazi ameanza kutembea kwa ncha za vidole kwa ajili yangu, ambayo ni mbaya zaidi.

Baba anakaa jikoni. Anakula kidogo. Madereva wanauliza atarudi lini, nikimsomea anatikisa kichwa. Asubuhi nimemkuta amevaa koti na kofia, amesimama langoni. Alisema anapunga hewa. Viatu alivyovaa ni vile alivyopewa na Kiprono, vinamzidi, na kamba alikuwa amezifunga kwa nguvu. Mtu hafungi viatu hivyo kupunga hewa.

Naogopa kwenda hata dukani.

Jumamosi, 11 Mei

Mvua imepungua. Kiprono amepiga simu. Nusu ya mbele ya nyumba imekaa chini, nusu yenye chumba changu imesimama. Anasema ukipita barabarani haraka unaweza kudhani ni nyumba tu.

Sikujua kama nimwambie Baba. Nikamwambia. Akauliza kuhusu kabati la Mama. Nikasema limeanguka. Akaitikia kwa kichwa.

Baada ya chai akaja nilipokuwa naanika nguo. Akatoa funguo zake mfukoni, zote, wa mbele, wa jikoni, wa kufuli la geti, akaniwekea mkononi na kukifunga kiganja changu.

"Kaa nazo wewe," akasema. "Zikiwa kwangu nitarudi."

Mkono wake ulikuwa unatetemeka. Hakuuficha. Nilifikiri hofu ilikuwa yangu peke yangu nyumba nzima. Nikaitikia kwa kichwa.

Nimezificha mahali ambapo sitapaandika. Nilipotoka nje alikuwa ameketi na Shangazi na ungo wa maharagwe. Nikavuta kigoda nikakaa upande wake. Tumechambua mpaka yakaisha.