Nairobi, Kigali na Gunia la Dada Yangu

Jumamosi jioni, Boito.

Mvua ya mawe imepiga majani chai ya watu huko ng'ambo, shamba langu ikaliruka. Ni kawaida. Hata mawingu yanajua mwenye boma hili ni nani.

Lakini leo sina raha ya kujisifu. Kesho baada ya kanisa natakiwa kutoa neno, na sijui kama nitaaminiwa.

Mpwa wangu Chelangat, binti wa dada yangu Esther, amepata kazi mbili kwa mpigo. Alisomea kuonja chai na kuipanga madaraja. Kazi moja iko Nairobi, nyingine Kigali, na Jumatatu lazima ajibu. Nyumbani kwetu msichana haendi mbali kabla mjomba hajasema, na mjomba ni mimi peke yangu. Esther anataka Nairobi. Chelangat yeye ananiangalia mimi, anasema:

"Anko, ni wewe umefika miji yote miwili."

Kweli nimefika. Shule niliiacha darasa la sita ikinililia, nikawa taniboi, msaidizi wa dereva, kwenye lori la sabuni. Nairobi askari wa barabarani walikuwa wananipigia saluti wakidhani lori ni langu. Kwenda Kigali, afisa mmoja wa mpakani alinipenda mpaka akataka kunipa binti yake, na ng'ombe kumi na wawili juu. Nilikataa kwa sababu dereva alikuwa na haraka.

Lakini hiyo ni zamani, na bei haikai ikikungoja. Kwa hivyo wiki hii nimekuwa mpelelezi wa simu.

Nilianza na Kibet, kaka yake Chelangat, anayeishi Nairobi. Akaniambia, "Anko, Nairobi watu wanaiogopa bure. Ukishalipa renti, stima na nauli, umemaliza. Nauli ndiyo inapanda mvua ikinyesha. Chakula hakinisumbui."

Nikajiuliza, ni mji gani huu ambao chakula hakisumbui mtu?

Halafu nikampata mtoto wa rafiki yangu wa Fort Ternan, ambaye ni fundi wa stima Kigali. Huyo alinipa mambo mengi. Renti haina tofauti kubwa na ya Nairobi. Ukipanda pikipiki unavaa kofia, upende usipende. Lugha utajifunza ukiumwa na njaa. "Lakini mzee," akasema, "hapa kila kitu unachotia mdomoni umekinunua."

Nikaona Nairobi imeshinda.

Kwa upande wa kazi, hapo Nairobi ilinichanganya. Wanampa miezi mitatu, "halafu tuone." Mimi ninajua "tuone" ni nini, nimeitumia sana kwa watu wanaonidai. Kigali wanampa mkataba wa miaka miwili, na mshahara wa mtu kujilisha mwenyewe. Hata hivyo, akiugua Nairobi tutamfikia siku hiyo hiyo. Akiugua Kigali, kuna Uganda nzima katikati.

Basi jana nikashuka stegi ya magari kuwaza.

Nikamkuta Esther na gunia lake. Kila Ijumaa analileta pale lipandishwe gari la Nairobi: viazi, unga, kabeji, mboga ya managu, na chupa ya mursik, maziwa yetu ya kugandisha, imefungwa katikati isivunjike. Nimempita pale miaka mingi, nikimsalimia na kuendelea na stori zangu.

"Kipngeno, acha kusimama kama mlingoti. Shika upande huu."

Nikashika. Mimi niliyebeba fahali aliyevunjika mguu kutoka mtoni mpaka zizini, mgongo ulitoa sauti.

"Hili lote ni la Kibet?"

"La nani tena? Chelangat akienda huko nitafunga mawili."

"Na goti lako?"

"Goti limekuja kwako kulalamika?"

Halikuja. Lakini nikiwa mbali nilimwona akishuka ile njia ya kutoka kwake, ameshika ua wa pembeni kila hatua.

Hapo hesabu yangu yote ikamwagika. Kibet hajui bei ya unga Nairobi kwa sababu hajawahi kuununua! Nairobi yake ni rahisi kwa vile inalimwa Boito, inabebwa na mama yake, na haiandikwi popote. Nilikuwa nalinganisha mji wenye gunia na mji usio na gunia, halafu najiita mtu wa akili.

Nikamwambia Esther hapo hapo, "Kigali gunia halifiki."

"Si ndiyo maana siitaki! Atakula nini?"

"Viazi. Rwanda kuna viazi mlima kwa mlima."

Stegi nzima ikaangua kicheko. Makanga wa gari akauliza, "Mzee, na vinajimenya vyenyewe?"

Esther hakucheka. "Umeviona kwa macho, ama ni kama yule ng'ombe wako aliyepigwa na radi akatoa siagi?"

"Nimeviona. Nimevila."

Esther akakaza kamba ya gunia, akamwachia makanga, akapanda kwenda nyumbani, mkono kwenye ua.

Hajaniamini.

Nimezoea watu wasiniamini, na huwa wananinunulia chai nikimaliza. Hii imeniuma. Vile viazi nilivila kweli, na maharagwe, nimekaa juu ya jeki ya lori, na vilikuwa vitamu.

Kesho nitasema Kigali, mbele ya wote. Nitasema akiugua, mimi ndiye nitapanda basi nivuke Uganda kumfuata, na hiyo nitaapa. Nitaeleza habari ya viazi polepole, kama mzee wa kanisa, bila kutia chumvi hata punje.

Isipokuwa labda ile ya afisa wa mpakani. Wakinyamaza sana, hiyo itabidi.