Nyundo ya Baba na Maji ya Kagunga

Ujiji, Jumapili

Kaka Faridi,

Shikamoo. Natumaini hujambo huko Ilagala, na kifua cha shangazi Ashura kimepata nafuu. Sisi ni wazima wa mwili. Mama anakuulizia kila akipakua chakula. Lakini nimejaa hasira, kaka, kwa hiyo ukiona kalamu imetoboa karatasi usishangae.

Nina hasira na Baba. Tangu akufukuze, nyundo ya ekskaveta ya kuvunjia miamba imelala uani juu ya matairi mawili, imefunikwa turubai kama maiti. Fundi Leodgar alikuja juzi kutoka Mwandiga, akaifungua. Akasema maji yameingia mpaka kwenye pistoni, sili zote, ile mipira ya kuziba, zimekufa, na haitagonga jiwe tena mpaka vipuri vitoke Dar. Baba akasema mbele ya watu kwamba aliyeiua ni mwanawe, kwamba miaka sita alikufundisha kuipaka grisi na bado umeichovya ziwani kama andazi kwenye chai. Baba mdogo Mwinshehe akadakia, eti labda ulitaka kuvua migebuka kwa nyundo. Wakacheka wote. Nilitamani kuwamwagia maji ya kufulia.

Nina hasira na Bwana Oswald pia, yule msimamizi Mzambia aliyeikodi kuvunjia mwamba kwenye gati la Kagunga. Kupitia kibarua wake mmoja anayejua Kiswahili, alikuamuru uishushe ndani ya maji, na ulipokataa akakuambia mwenye nyundo hakumkataza. Simu haikushika mtandao, ukashindwa kumuuliza Baba. Uliyasema hayo uliporudi, ukaapa, na Baba akakuita mwongo.

Sasa soma taratibu. Bwana Oswald hakukudanganya.

Siku aliyokuja kukodi, wewe ulikuwa Mwandiga umefuata grisi. Yeye hajui Kiswahili, Baba hajui Kiingereza, nikaitwa mimi wa kidato cha tatu niwe mkalimani. Baba akataja masharti yake yale yale: nyundo haitoki bila mtu wetu, isigonge hewa pasipo jiwe, patasi yake isitumike kubinulia mawe, na chini ya maji hapana kabisa, mpaka ifungwe mpira wa hewa kutoka kwenye kompresa. Nilitafsiri mawili ya mwanzo. Kwenye la tatu nikajikwaa, Bwana Oswald akaiga sauti yangu huku akicheka, na Baba mdogo akasema ada yote ile, kumbe Kiingereza chenyewe kinachechemea. Wanaume saba wananitazama. Uso ukaniwaka. La maji sikulisema. Nilimwambia kuwa masharti yameishia hapo, naye akatia sahihi.

Na uliporudi na nyundo iliyokufa, Baba aliniuliza mbele yako kama nilimwambia yule mtu habari ya maji. Nikaitikia kwa kichwa. Ulinitazama mara moja tu, ukaenda kuchukua begi lako. Kama ulijua na ukanisitiri, basi nina hasira na wewe pia. Nani alikutuma? Wiki tatu nakula ubwabwa wa Mama, nakaa upande wako wa mkeka, na watu wananisifia kwamba mimi ndiye mtoto mwenye akili.

Barua hii nampa Bariki wa boti kesho asubuhi. Nitasimama ufukweni mpaka boti iondoke, maana najijua, ikibaki mikononi mwangu nitaichana. Kisha narudi nyumbani kumwambia Baba, kwa mdomo, Baba mdogo akiwepo na Leodgar akiwepo. Nitajikwaa tena, najua. Waache wacheke.

Usipande boti kurudi kwa sababu ya maneno yangu. Kaa hapo mpaka Baba aje mwenyewe kukuchukua. Akikataa kuja, nitakuja mimi nikae huko, na wewe urudi kwenye nafasi yako.

Mpe shangazi salamu zangu, na kama atakuuliza kwa nini umebadilika uso, msomee yote, usiruke mstari.

Ni mimi niliyekufukuzisha,
mdogo wako, Hasna