Sombe Inayooza Korat

Maman,

Magoti yako yanasemaje na baridi ya Ulaya, huko Koekelberg? Huku Korat, Thailand, jua linanipiga mpaka utosini. Leo nilipanda kamioneti ya wenyeji, ile yenye mabenchi mawili nyuma, tukapita mashamba ya mihogo yasiyo na mwisho. Watu wanachimba mihogo, majani wanayaacha yaoze. Sombe, Maman, marundo kwa marundo! Na wewe huko unaitafuta kwenye maduka ya Matonge kama dhahabu. Nilimsimamisha dereva, nikashuka na mfuko wangu mgongoni, nikachuma. Mama mmoja mwenye shamba alinicheka sana, kisha akaniazima sufuria na kinu chake cha kutwangia saladi ya papai.

Bon, nikatwanga, nikachemsha kidogo, tukaonja sote wawili. Uchungu kama kwinini! Yeye aligeuka pembeni akatema kwa heshima. Usiogope, mimi pia sikumeza. Akaniuliza kwa ishara: kwenu mnayapikaje? Nikamwonyesha mkono unaokwenda mdomoni. Kumbe miaka yote nilijua kula tu. Kila Jumamosi unatandika blanketi chini ya kinu ili jirani wa ghorofa ya chini asigonge dari, unaniita tutwange, nami najibu kutoka chumbani kwamba nimechoka.

Mungu akutunzie hayo magoti. Jumamosi hii ukitandika blanketi, niite tu, hata kama chumba changu ni kitupu. Huku nitaitika.

Mutoto wako,
Neema